Unga wa mkunazi na mafuta ya nazi ya Langoni: miezi mitano kichwani mwangu

Nianze na bei, maana ndiyo huulizwa kwanza. Unga wa majani ya mkunazi, wa kuoshea nywele, kipakiti cha robo kilo, ni shilingi 200. Mafuta ya nazi, chupa ya nusu lita, ni shilingi 450, na ukirudi na chupa yako safi unapunguziwa 50. Muuzaji ni mama mtu mzima wa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, anauza barazani kwake. Hana lebo wala jina la biashara. Kipakiti ni karatasi ya plastiki iliyofungwa kwa uzi, na chupa ni ile iliyokuwa na maji ya dukani. Nilianza kuvitumia Januari, kaskazi ikivuma, na sasa ni Juni, kusi imeshakaza. Kwa hiyo nimevijaribu kwenye joto kavu na kwenye mvua za masika pia.

Nywele zangu ni za kipilipili hasa, nene na zilizojikunja kwa karibu mno. Zikiwa mbichi zinanywea mpaka usawa wa sikio, ukizivuta zinafika begani. Nilitiwa dawa ya kunyoosha nywele tangu nina miaka 13, na miaka miwili iliyopita dawa ilinibabua utosini nikapata kidonda kilichokaa wiki tatu. Nilizikata zote. Tangu siku hiyo nywele zangu nazitunza mwenyewe nyumbani.

Kabla ya haya ya Langoni nilikuwa natumia krimu ya kupangia mikunjo niliyoletewa kutoka Nairobi. Sitaitaja, kwa sababu sidhani kosa ni lake peke yake. Ilikuwa na gliserini nyingi, na gliserini kazi yake ni kuvuta unyevu. Mahali penye unyevu wa wastani huenda ikasaidia. Hapa kwetu hewa yenyewe imejaa bahari. Nilikuwa natoka nyumbani mikunjo imekaa vizuri, nikifika forodhani nywele zimevimba zote, zimekuwa kitu kimoja, na vidole vikigusa vinanata.

Jambo jingine ni maji. Nyumba yetu ina kisima, na maji yake yana chumvi. Maji matamu ya mji yanatoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na kwetu hayaji kila siku, basi mara nyingi nilioga na kuosha nywele kwa maji ya kisima na sabuni ya kipande. Sabuni ya namna hiyo ikikutana na maji yenye madini ya chokaa haitoi povu vizuri. Inageuka utando mweupe unaoshika kwenye nywele. Kwa mwenye nywele za singa pengine utando huo unateremka kwa kichana. Kwangu ulijificha ndani ya mikunjo, nywele zikawa ngumu kama kumbi la nazi, na mimi nikadhani nina mba.

Ndipo jirani akanipeleka kwa huyo mama. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima embe, akaniuliza naanza na nini nikimaliza kuoga. Nikamwambia naanza na mafuta nywele zikishakauka. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kwanda mai, mafuta baadaye." Yaani kwanza maji. Sentensi hiyo moja imenifaa kuliko vitu vyote nilivyokuwa nimenunua mwaka mzima. Mafuta hayana maji ndani yake. Ukiyapaka juu ya nywele kavu umefungia ukavu. Ukiyapaka juu ya nywele mbichi, yanazuia maji yasitoroke.

Sasa nieleze ninavyoosha, maana unga huu hautumiki kama shampuu. Ijumaa asubuhi nachukua vijiko vinne vya mezani, natia kwenye bakuli, namimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku nakoroga kwa mkono. Mwanzo unaona tope la kijani tu. Ukiuacha dakika 15 unabadilika. Unatoa mrenda kama wa bamia changa, na ukiupigapiga kwa vidole linapanda povu dogo dogo la kijani lililofifia. Povu hilo linatokana na saponini iliyomo kwenye majani ya mkunazi, na halifanyi ule utando wa sabuni hata kwenye maji yetu ya kisima. Naukanda kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kisha naushusha kwenye nywele, nikizigawa mafungu manne. Mrenda ndio raha yake. Kichana cha meno mapana kinapita ndani ya kipilipili changu kama kinapita kwenye tui, na mafundo yanafunguka yenyewe. Halafu nasuuza kwa kata, tena na tena, na kata za mwisho natumia maji ya mvua kama yapo. Wakati wa masika tulikinga ndoo chini ya mchirizi, na nywele zilizosuuzwa kwa maji hayo zilikuwa laini zaidi, hilo nilihisi mkononi.

Pakiti ya kwanza ilinipa shida kubwa. Unga ulikuwa haukuchekechwa vizuri. Nilitoka bafuni na vipande vya majani na vijiti vimenasa kwenye mikunjo, na nilikaa kiwandani, yaani uani, pamoja na mdogo wangu tangu saa tatu mpaka karibu adhana ya adhuhuri tukivitoa kimoja kimoja. Nililia, sioni haya kusema. Nywele za kipilipili hazisuuziki kitu kigumu kikishaingia. Niliurudisha unga uliobaki nikamwonyesha yule mama. Hakubisha. Alisema wateja wake wengi wana nywele laini na hakuna aliyewahi kumlalamikia, akaingia ndani, akauchekecha tena kwa kitambaa cha melimeli mbele yangu. Uliotoka ulikuwa kama poda ya mtoto. Tangu hapo kila nikinunua nasema "wa melimeli", naye anajua. Na wewe ukienda, usiache kusema hivyo.

Harufu ni suala la mtu na mtu. Ni harufu ya majani makavu, si mbaya, ila hapa pwani mkunazi una habari yake. Majani yake ndiyo yanayotumika kuosha maiti. Shangazi yangu alipoingia na kuisikia kwenye nywele zangu alisimama mlangoni, akaniuliza nani amefariki. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema mama yake pia alikuwa akiosha nywele kwa mkunazi, hai na mzima, na kwamba sisi ndio tuliousahau ukabaki wa msibani tu. Mwezi uliofuata alinituma nimnunulie pakiti yake. Kama harufu hiyo inakuletea majonzi, weka asumini chache kwenye maji ya kusuuzia tangu usiku. Inapungua sana.

Mafuta nayo ni mazuri, lakini nitakuwa mwangalifu kuyasifu. Yule mama anayapika kwa njia ya kale. Anakuna nazi kwa mbuzi, anakamua tui zito, analilaza usiku kucha, asubuhi anaengua utando wa juu na kuupika kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na mashapo yawe ya kahawia. Nimekaa kwenye kibao nikamwona. Ukiyafungua chupani yananukia nazi iliyokaangwa, na rangi yake ina umanjano kidogo. Mara moja tu niliuziwa yaliyokuwa na ukungu ukungu chini, nayo yalichacha kabla ya mwezi kwisha. Nadhani yalitolewa motoni mapema na maji yakabaki. Alinibadilishia. Pia kifuniko cha chupa ya dukani hakikazi, na chupa ilinivujia mkobani ikaharibu kitambulisho na noti. Njoo na chupa yako mwenyewe yenye kifuniko cha kuzungusha.

Dada yangu wa Nairobi alinipigia simu akiwa na hasira Mei, akasema mafuta niliyompelekea yamechanganywa na samli, kwa sababu yameganda meupe. Hayakuchanganywa na kitu. Mafuta safi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lamu mchana ni nadra kufika huko, ndiyo maana sisi tunayajua ya maji maji tu. Nilimwambia aiweke chupa kwenye bakuli la maji moto. Yakarudi.

Nayatumia mara mbili kwa wiki. Alhamisi usiku, kabla ya siku ya kuosha, napaka kwenye nywele, zaidi kwenye ncha, nasokota mafungu sita na kufunga kilemba. Wazee wetu walifanya hivyo, na kuna sababu. Zaidi ya theluthi ya mafuta ya nazi, tena karibu nusu, ni asidi ya lauriki, na hiyo huweza kuingia ndani ya unywele wenyewe badala ya kukaa juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza vizuri protini inayopotea nywele zikioshwa. Mara ya pili ni baada ya kuosha, nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Kijiko kimoja cha chai chatosha kichwa kizima. Nilipoanza nilitia vijiko vitatu na mto wangu ukaniambia.

Ngozi ya kichwa siipaki. Kuvu anayehusika na mba anaishi kwa mafuta, na ukiwa na mba ya kweli unamlisha tu. Na mafuta haya hayamfai kila mtu. Binamu yangu ana nywele za mawimbi, nyembamba, akayatumia wiki mbili zikakakamaa na kulala kichwani kama zimelowa. Yeye sasa anatumia unga peke yake na ameridhika.

Kuhusu mtindo, sitaki joto tena kichwani. Nikitaka nywele ndefu zilizonyooka kwa ajili ya arusi, nafunga kwa uzi mweusi. Nagawa mafungu kumi na mawili, kila fungu nalizungusha uzi tangu shinani mpaka nchani, si kwa kukaza sana, na nalala nao. Asubuhi nafungua, urefu wote uko nje bila pasi wala blodrai. Siku za kawaida nasokota mbili mbili zikiwa mbichi, nikizifumua siku ya tatu ninapata mikunjo iliyopangika, na gliserini sijaigusa tena.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, na ningependa kila msichana wa hapa alijue, ni kutofunga mtandio na kuvaa buibui nywele zikiwa mbichi. Nilifanya hivyo miaka, kwa haraka ya kuwahi kazini. Joto na maji vikikaa pamoja chini ya kitambaa kutwa nzima, ngozi inawasha na nywele zinanuka. Sasa naosha siku ambayo sitoki mpaka alasiri. Ndani ya mtandio wa pamba navaa kofia ya hariri niliyoshona kwa kipande cha kitambaa cha zamani cha mamangu, maana pamba inanyonya mafuta na kusugua nywele za pembeni mpaka zinakatika.

Matokeo? Januari kila nikichana nilikuwa natoa bonge la vinywele vifupi vilivyokatika katikati. Sasa natoa nywele chache ndefu, kila moja ina kijinundu cheupe mwisho wake. Kijinundu hicho kinaonyesha unywele umeng'oka wakati wake ulipofika, haukukatika. Fungu la nyuma ya sikio nililipima kwa tepu ya fundi cherehani. Lilikuwa sentimita 14, leo ni 19. Sisemi unga au mafuta yameotesha nywele. Nywele za mtu huota karibu sentimita moja kila mwezi hata asipofanya kitu. Zangu zilikuwa zikiota huku zikikatika, na sasa zinakaa.

Mama anauza asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi, akimaliza kupika anafunga. Hatumi mzigo mwenyewe, ila ukiwa Mokowe au Malindi mtu wa basi anaweza kukuletea ukimlipa. Nimebakiza vijiko vitatu vya unga, havitoshi Ijumaa hii, kwa hiyo kesho napita Langoni na chupa yangu, na pakiti mbili za melimeli, moja yangu na moja ya shangazi.