Boule de Suif, kitabu nilichosoma kwenye meli ya Pemba

Nimekinunua Darajani, kimetumika, tafsiri ya Kiingereza, nikakisoma njia nzima mpaka Mkoani. Mwandishi ni Guy de Maupassant, Mfaransa, na hadithi hii imetoka 1880.

Jamani watu wale wana roho mbaya! Wako kumi ndani ya gari la farasi, wanakimbia vita, theluji kila pahala, njaa imewakamata, na alobeba chakula ni mmoja tu, mwanamke anaejiuza ambae wenzake wanamdharau. Anawafungulia kapu lake, kuku wawili wazima, wanakula mpaka linabaki tupu. Halafu afisa wa Kiprusi, yaani wa jeshi la Kijerumani lilovamia Ufaransa, anawazuia njiani mpaka yule mwanamke akalale nae, mwenyewe hataki, na hao hao waloshiba kuku wake ndo wanomsukuma, hata sista mmoja kamtilia maneno!

Safari ikaendelea, yeye hakuwahi kufunga chakula, wenzake wanakula zao bila hata kumwambia karibu. Mmoja anatafuna mayai ya kuchemsha, chembe za kiini zimemganda kwenye ndevu, na yule mwanamke analia mule mule ndani ya gari. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Pembeni yangu bibi mmoja kafungua kipolo chake cha mkate wa kumimina, kanikatia kipande, hata hanijui, "chukua mwanangu".

Maandishi madogo mno na kurasa zinachomoka, kwa hiyo kitabu chenyewe nakipa nyota 3. Hadithi 5 kamili.