Sinclair ZX Spectrum 48K: je, inafaa kununuliwa ifufuliwe Mombasa?

Ukitaka kufufua kompyuta moja tu ya miaka ya 80, chukua hii, hata ikiwa imekufa. Ilitoka Uingereza mwaka 1982, ina prosesa ya Z80A, na hitilafu zake nyingi zinaonekana kwa mita ya kawaida ya umeme.

Adapta ndiyo muuaji wa kwanza. Kompyuta inataka volti 9 za DC, ampia 1.4, na katikati ya plagi ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za madukani. Adapta yake ya asili ikisoma zaidi ya volti 12 bila mzigo si mbovu, ndivyo ilivyo.

Usiwashe kwa pupa. Kwanza pima shoti kwenye chipu za memori ya chini, IC6 hadi IC13, kati ya mguu wa 16 (ardhi) na miguu ya 1, 8 na 9. Pakiwa safi, washa: mguu wa 1 usome volti hasi 5, wa 8 usome 12, wa 9 usome 5. Hasi 5 ikikosekana zima hapo hapo, maana chipu hizi za aina ya 4116 huungua bila hiyo. Mara nyingi aliyekufa ni transista TR4, aina ya ZTX650. Lakini TR4 haifi bure: tafuta chipu iliyoshoti, ama TR4 mpya utakayoweka nayo itaungua. Kuchomeka kitu nyuma ya mashine ikiwa imewaka huiua TR4 vilevile.

Kwa joto letu, regyuleta ya 7805, inayoshusha volti hadi 5, huchemka sana. Moduli mbadala ya TSR 1-2450 huingia matundu yale yale na hubaki baridi. Chumvi ya hewani nayo hushikisha kutu viunganishi vya nyuma, visugue kwa spiriti ya isopropili.

Utando wa plastiki ulio chini ya kibodi hukauka, mikia yake ikakatika. Mpya zinapatikana kwa kuagiza. Bati la juu ya kibodi lipashe kwa draya ya nywele kabla ya kulibandua, likipinda halinyooki.

Picha ipitishe AV (waya wa video wa kawaida wa TV), achana na tundu la antena. Mstari wa © 1982 Sinclair Research Ltd ukitokea chini ya skrini, raha yake haisemeki.

Ya kuikataa ni ile iliyong'olewa chipu kwa pasi ya lehemu yenye moto mkali hadi njia za shaba zikabanduka, hata ukiuziwa bei ya bure.