Bima binafsi ya afya ya familia, uzoefu wangu hapa Tanga

Wateja wangu dukani wananiuliza sana hii bima ya kampuni niliyokatia familia inafaa au haifai, maana kadi wanaziona pale kaunta nimezibana chini ya kioo, basi naandika mara moja hapa nisirudie rudie kwa kila mtu. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi, na tena nikiwasikiliza wenzangu wenye kadi za kampuni nyingine naona hadithi zinafanana, tofauti rangi ya kadi tu. Nyota nawapa 2 kati ya 5. Moja ya homa, moja ya wale dada wa dirisha la bima hospitali ambao wanatukanwa kila siku na kosa si lao.

Mie nauza spea za baiskeli na pikipiki Ngamiani, sijaajiriwa na mtu. Jirani yangu ni mwalimu, yeye anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anamuongezea 3 nyingine, kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, inakuja inamfunika yeye, mumewe na watoto, kamaliza. Mie nani anikate na nani aniongezee? Zilikuwepo njia nyingine, nazijua zote. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi tuliipenda kweli, 2023 ikasitishwa tukaambiwa watoto waandikishwe kupitia shule, na wangu mmoja alikuwa hajaanza hata chekechea sasa aandikishwe na nani. Kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kaya ya watu 6, shemeji zangu wa Muheza walikuwa nayo na kwa hela ile siwezi kuisema vibaya, ila ilikuwa inakufikisha mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa basi, mbele ya hapo unajijua mwenyewe.

Ndio akaja wakala. Kijana msafi, mkoba begani, kakaa kwenye kile kiti changu cha wateja kaanza, "Bro, na hii kadi hata Dar unaingia hospitali kubwa unalala, unatoka hujatoa mia." Nikamuuliza mama yangu mzazi naye anaingia? Akacheka kidogo akasema umri umeshapita. Nikajua hapo hapo kwamba hii biashara inawapenda wazima, lakini watoto walikuwa wadogo na mama watoto alishaanza kunisema kila mtoto akipata joto, nikalipa. Milioni mbili na kitu kwa watu wanne, mkupuo mmoja, kidogo kidogo hawataki.

Miezi ya mwanzo sina neno nao. Malaria, mafua ya watoto, mama watoto kang'oa jino, unatoa kadi unaweka kidole mashine inasoma unaingia kwa daktari, foleni hamna, dawa unapewa. Mara moja moja "sistimu iko chini" unakaa unasubiri, hiyo kawaida. Mara nyingine dawa iliyoandikwa haimo kwenye orodha yao ukanunue nje, nayo nikavumilia. Ila bima huwezi kuipima kwa homa jamani, ni sawa na breki za baiskeli, barabara ya tambarare zote nzuri, subiri mteremko.

Mteremko wangu ni huyu binti yangu mdogo. Alikuwa anakoroma, mtoto wa miaka mitatu anakoroma kuliko babu yake, tukawa tunacheka. Baadaye ikawa si kukoroma tena, analala mdomo wazi kichwa kakirudisha nyuma, anakoroma anakoroma halafu kimya. Kimya kabisa, kifua kinapanda lakini hewa haipiti, unahesabu moyoni, halafu anashtuka kwa nguvu kama katolewa majini anaanza upya. Mama watoto akawa halali, anakaa pembeni yake na tochi ya simu anamsikiliza, kila akinyamaza anamgeuza. Mchana mtoto ana usingizi, hasira, masikio yanauma, ukimwita hasikii vizuri.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo akampiga picha ya shingo ya ubavuni, akatuonyesha pale kwenye kioo, nyama za puani zimevimba zimeacha kanjia chembamba tu cha hewa. Alitupa kwanza dawa ya kupulizia puani, haikusaidia, akasema huyu atolewe hizo nyama, na mafindofindo yaangaliwe hapo hapo, si operesheni ya kutisha, inafanywa kila siku. Nikasema sawa dokta, bima ninayo.

Dokta akaandika, dada wa dirishani akatuma ombi la kibali, tukaambiwa tusubiri. Hiyo subiri ndiyo review yenyewe, huko juu ilikuwa salamu tu. Maana hapa Tanga kampuni ile haina mtu wa kuamua, yupo wakala wa kuuza na kuna ofisi ya kulipia, anayeamua mwanangu apasuliwe au asipasuliwe yuko Dar, humjui jina, hakujui sura, hajamsikia mtoto akinyamaza usiku. Nikipiga kastama kea napokewa na sauti nzuri tu, "Ombi lako linashughulikiwa baba." Kesho sauti nyingine, maneno yale yale. Siku moja nimesimama dirishani yule dada kaweka simu spika juu ya kaunta ili na mie nisikie, muziki wa kusubiri unalia, nyuma yangu foleni inaguna, yeye ananiangalia kwa huruma anasema "unaona kaka, na mimi hivi ndivyo ninavyofanywa." Ukakata. Akapiga tena.

Jibu likaja kwa meseji. Limekataliwa, sababu: ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba.

Nikarudi kwa dokta kuuliza wametoa wapi hilo. Akafungua faili, kumbe siku ya kwanza alituuliza tatizo lina muda gani, mama watoto akajibu kama mama yeyote angejibu, kwamba huyu tangu mdogo anakoroma koroma, dokta kaandika vile vile historia ya muda mrefu. Kumsikiliza mzazi ndiyo kazi yake, asingeandika tungemlaumu. Huko Dar mtu kayaona hayo maneno kayakata kayafanya ushahidi. Dokta mwenyewe alikasirika kuliko mie, akaandika barua ndefu kuwaeleza kwamba tatizo la kuziba hewa ni la karibuni, kaambatanisha na picha. Tukakata rufaa.

Rufaa nayo ikakataliwa ila sasa sababu imebadilika, safari hii ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Yaani yakhe, hizo nyama kila mtoto anazo, na wewe ulikuwa nazo, hata huyo aliyeandika jibu alikuwa nazo, zinakua utotoni baadaye zinasinyaa zenyewe, tatizo ni zikivimba. Kwa hesabu hiyo hata jino ni la kuzaliwa nalo, mbona la mama watoto mlilipa? Hapo ndipo niliacha kuamini kuna mtu anasoma yale makaratasi. Nadhani wanatafuta neno la kukatalia, likijibiwa wanachukua jingine kwenye orodha.

Hatukusubiri zaidi. Mama watoto akachukua mkopo kwenye kikoba chao, mie nikauza mzigo wa tairi kwa bei ya hasara, mtoto akapasuliwa kwa kesh. Asubuhi kaingia, kesho yake tuko nyumbani anadai aiskrimu. Usiku wa kwanza nyumbani mama watoto hakulala pia, safari hii kwa sababu mtoto kalala kimya mno, akawa anamwekea kiganja puani kila saa.

Hela nilianza kuidai baada ya hapo, maana mie mtu nikishashika kitu siachii. Mteja wangu mmoja kijana wa sheria ndiye aliyenifungua macho, kwamba kampuni za bima zina msimamizi wao, TIRA, na chini ya sheria ya bima ya 2009 kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ndiyo hii. Nikaandaa malalamiko, nikaweka meseji zote mbili zenye sababu mbili tofauti, nikawatumia kampuni nakala kwanza. Wallahi simu ilipigwa na mtu mwenye jina na cheo! Mtu ambaye kwa miezi nilikuwa naambiwa hayupo. Wakalipa sehemu kubwa ya bili, si yote, wakasema iliyobaki imezidi viwango vyao. Nikaichukua nikalipa kikoba. Na bei ya kurinyu mwaka wa pili ikapanda, sababu eti matumizi ya familia yalikuwa makubwa.

Sasa hii habari ya mageuzi ya bima ya afya nchini. Hapa Ngamiani kwenye kahawa hiyo mada haikauki, na iliwaka zaidi kwa sababu waziri wa afya wakati muswada wa Bima ya Afya kwa Wote unapelekwa bungeni 2022 alikuwa Ummy Mwalimu, na ndiye alikuwa mbunge wetu wa Tanga Mjini. Zile hesabu zilizotajwa wakati ule, 340,000 kaya ya watu 6 na 84,000 mtu mmoja, zilivunja baraza. Wavuvi wa pale mwalo wa Deep Sea wanauliza msimu samaki hamna utanidai nini, wengine wanasema bora tuchange tusizikane kwa michango ya wasap. Halafu vile vipengele vya kuunganisha bima na leseni ya udereva sijui na paspoti, madereva wa boda walichemka. Muswada ukarudishwa ukafanyiwa kazi ukapita Novemba 2023, Rais akasaini, sheria ipo.

Mie kwenye kulazimishwa kila mtu awe na bima sina ugomvi. Kama ni wagonjwa peke yao wanaokata bima hakuna mfuko utakaosimama, hilo hata mwenye duka anaelewa. Na wazee hawa wa baraza wanakumbuka mbali, wanakwambia mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za kibiashara, tiba ikabaki ya serikali, bure, na ya misheni, 1991 zikaruhusiwa tena, 1993 tukaanza kuchangia hospitali za serikali, tangu hapo hatujapumzika kubishana nani alipe. Sawa, tubishane. Ila mbona hakuna anayeuliza nani anaamua? Nilipe 30,000 nilipe milioni mbili, siku mtoto anaziba pumzi kuna mtu mahali anasema ndiyo au hapana, huyo mtu yuko wapi, ana saa ngapi za kujibu, akikataa anaandika sababu moja akaisimamia au anabadilisha kama shati?

Msidhani ya serikali imesalimika. Machi 2024 NHIF ilipoleta kitita kipya cha bei, hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi zake, jirani yangu mwalimu alikuwa na mgonjwa Dar kwa dada yake na kadi mkononi, anakatwa kila mwezi, anaambiwa hapa leo kesh. Wale wakubwa wanavutana kuhusu bei na aliyebeba mgonjwa yuko getini. Wenzetu wa Kenya hapo ng'ambo ya mpaka wa Horohoro nao Oktoba 2024 walihamia mfuko mpya wa SHA, mamlaka yao ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya kipato, na madereva wa malori wakipita dukani hawakosi la kusema. Kule Marekani ndiyo kabisa, wamegombana miaka, mpaka sheria ya Obama ya 2010 ikaja kuzikataza kampuni kuanzia 2014 kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa ugonjwa aliokuwa nao. Hicho kipengele peke yake kingeniokolea tairi zangu. Na hata huko kilio cha kusubiri kibali hakijaisha.

Haki niwape kampuni pia, udanganyifu upo. Kuna watu wanaazimana kadi, kuna vituo vinaandika vipimo ambavyo hakuna aliyepimwa, nimeshaona bili yenye dawa hatukupewa. Kwa hiyo kukagua lazima wakague, sikatai. Lakini dawa ya mwizi si kumsimamisha kila mtu mlangoni mpaka achoke aondoke.

Kwa mtu anayetaka kukata, kama una watoto wadogo na ugonjwa wenu ni homa za kawaida na una hela, itakusaidia, hasa foleni. Ukiwa na presha, sukari, au mzee nyumbani, soma kwanza ukurasa wa vitu wasivyolipa, uko nyuma kabisa na herufi ndogo, mwambie wakala akusomee kwa sauti mbele ya shahidi. Meseji zao usifute hata moja. Wakikataa, omba kwa maandishi.

Yangu inaisha karibuni na yule kijana wa mkoba keshapita. Nimemwambia sitaki brosha, aniletee karatasi yenye jina na namba ya mtu anayetoa kibali saa 8 usiku, akileta nalipa siku hiyo hiyo. Amesema atauliza ofisini.