Gasketi ya jiko la kauri: tazama gundi kabla ya kuuliza bei

Tangu masika yamalizike, wasomaji wa Unguja na Pemba wanalalamikia jambo moja. Gasketi mpya, yaani utepe unaoziba ukingo kati ya kifuniko na jiko la kauri (lile la mkaa lenye umbo la yai, kamado), imebandikwa Ijumaa, jiko limewashwa Jumapili, na kufika wiki ya pili utepe umeachia kwenye kifuniko, unaning'inia upande wa bawaba, moshi unatoka ubavuni. Wa Mbweni kanunua ya bei ghali, wa Chake Chake kanunua ya bei nafuu, na zote mbili zimeanguka.

Aghalabu utepe hauna kosa. Lenye kosa ni gundi ya mgongoni, na hiyo haitazamwi na mtu. Mnunuzi anauliza rangi na unene, muuzaji anausifu utepe kwamba haushiki moto, na gundi iliyofunikwa kwa karatasi imeshakufa siku nyingi. Gundi ya kujibandika haivumilii joto la muda mrefu, nayo imepitia joto hilo kabla hujaiona: mzigo umekaa ndani ya kontena la chuma safarini, umengoja bandarini, kisha umetundikwa dukani nyuma ya kioo kinachopigwa na jua la mchana. Gundi iliyo hai, ukibandua karatasi, hubaki yote kwenye utepe, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inavuta ngozi. Iliyokufa hubakia kwenye karatasi vipande vipande, ya manjano, kavu, kama kiini cha yai kilichogandia sahani tangu asubuhi. Mwombe muuzaji abandue sentimita mbili mbele yako. Akikataa, mrudishie mali yake.

Gasketi si pambo. Jiko la kauri hutawaliwa kwa matundu mawili tu, la chini na la juu. Hewa ikipenya ukingoni, utafunga matundu na joto litaendelea kupanda. Nyama uliyotaka ipikwe polepole kwa nyuzi 110 za Selsiasi inajikuta kwenye 160, na mkaa wa kutosha usiku kucha unakwisha kabla ya alfajiri. Mkaa wetu mwingi unavushwa bahari kutoka bara, na bei yake kila mtu anaijua.

Chaguo la kwanza kwangu ni utepe bapa wa faiba usio na gundi, wa kampuni ya Rutland, na sifichi kwamba naupendelea kuliko zote. Ulitengenezwa kwa ajili ya milango ya majiko ya kuni ya Marekani. Chagua upana wa milimita 19 au 22, kwa kutegemea ukingo wa jiko lako, na unene wa milimita 3. Faiba hii ni jamaa ya ile ya boti, ila hapa imefumwa tu bila kutiwa dawa ya kuigandisha, na inastahimili nyuzi 540 hivi. Jiko la nyumbani linafika 350 au 400 ukioka piza, kwa hiyo umebakiwa na nafasi kubwa. Zaidi ya yote, haina gundi ya kuchakaa dukani. Gundi unainunua mwenyewe, mbichi. Tazama tu usije ukauziwa utepe wenye jina hilo hilo lakini una karatasi mgongoni.

Utepe huu wa kwanza una kasoro mbili. Ncha zake hufumuka, basi zungushia ule utepe wa karatasi wa kubandika wa mafundi rangi (masking tape) pale utakapokata, kisha kata katikati yake kwa mkasi mkali. Na vumbi lake linawasha, kwa hiyo vaa glavu, na usijikune uso kabla ya kunawa.

Gundi yake ni silikoni ya rangi ya shaba, Permatex Ultra Copper, inayouzwa kwenye maduka ya spea za magari kwa ajili ya injini. Inavumilia nyuzi 371 kwa vipindi, kwa hiyo hiki ndicho kikomo chako, si zile 540 za faiba. Ile silikoni ya madirisha inayonuka siki isije karibu na jiko lako, kwani haikutengenezwa kwa joto hili. Bonyeza chupa kabla ya kulipa: ukihisi bonge gumu karibu na mdomo, imeshaanza kuganda. Jambo zuri kwetu ni kwamba silikoni hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na hewa ya visiwani unyevu haikosi.

La pili ni gasketi ya Kamado Joe, watengenezaji wa majiko ya kauri, ya faiba iliyofumwa pamoja na waya. Ni imara sana, na lau ingeuzwa mbichi ingeshindana na ya kwanza. Lakini ukiikuta na gundi mgongoni usiiamini hata kidogo, ongezea silikoni ya shaba. Bei yake pia inaumiza: unalipia jina, halafu unalipia na usafiri.

La tatu ni ya Nomex, ambayo Big Green Egg, nao watengenezaji wa majiko haya, wanaitumia. Nomex ni uzi wa DuPont unaofumiwa nguo za wazima moto. Hauyeyuki, ila karibu na nyuzi 370 hugeuka makaa. Kwa anayechoma samaki na kuku kwa joto la wastani inatosha kabisa, tena ni laini na inaziba vizuri kuliko faiba pale ukingo ulipo na mawimbi. Kwa anayeoka piza kila wiki, aiache.

Za sufu za bei nafuu huungua upande wa mbele mapema mno. Sizipendekezi.

Sasa kipimo, na hapa nina neno na wauzaji. Zungusha uzi ukingoni mwa jiko, upime, uzidishe mara mbili kwa sababu chini na juu vyote vinavalishwa. Jiko lenye kipenyo cha sentimita 50 linataka mita 3 na sentimita 14. La sentimita 60 linataka mita 3 na sentimita 77. Ukenda dukani unaambiwa "mita nne", unalipia mita nne, na anayekata anapima kwa fimbo ya nguo, yaani wari. Wari ni sentimita 91. Wari nne ni mita 3 na sentimita 66. Mwenye jiko kubwa anapungukiwa sentimita 11, na anakuja kujua kifuniko kimeshatiwa gundi. Huu si usahaulifu, ni wizi wa hesabu. Nenda na tepu yako ya kupimia, na utepe upimwe umelala juu ya meza, bila kuvutwa.

Kubandika kunataka siku mbili. Jiko liwe baridi na kavu. Kama limenyeshewa, liwashe moto mdogo siku moja kabla, kisha liache lipoe lenyewe. Tandika magazeti ndani yadake uchafu. Kwangua gasketi kuukuu kwa kikwangulio cha rangi, ukikilaza, usikisimamishe, maana kona ya chuma inang'oa vipande vya kauri. Gundi iliyobaki ifute kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, lakini soma chupa kwanza: yenye mafuta ya kulainisha ngozi haifai. Thina ya rangi huweza kuacha utando wa mafuta na silikoni haitashika. Na usilisuuze jiko kwa mpira wa maji. Kauri isiyo na ng'aro hunywa maji, na maji yaliyonywewa yakikutana na moto mkali hugeuka mvuke na kupasua.

Tia silikoni mstari mwembamba, uusambaze kwa kidole ubakie kama milimita moja. Ukijaza nyingi inapenya katikati ya faiba, na utepe ulaini wake unapotea, unakuwa kama ubao. Anzia nyuma, kwenye bawaba. Usiuvute utepe. Uliovutwa hurudi ukipata joto na kuacha pengo pale ncha zinapokutana. Ncha zigusane, zisipandane. Maliza chini, halafu juu, weka karatasi ya kuokea katikati ili visigandane, funga kifuniko uache saa 24.

Kesho yake toa karatasi na upime. Weka noti kwenye ukingo, funga, uivute: inatakiwa ije kwa shida. Fanya hivyo sehemu nane kuzunguka jiko. Ikitoka bwerere mbele na nyuma imebanwa, kifuniko ndicho kimeteleza ndani ya bendi, yaani mkanda wa chuma unaokishika. Legeza nati za bendi kidogo, msaidizi akiwa ameshika kifuniko kwa mikono miwili, kisogezeni, kisha ukaze. Usizitoe kabisa: kifuniko cha kauri ni kizito na kikichomoka hakuna wa kukidaka. Kwa walio ufukweni, Paje na Nungwi, nati huwa zimeliwa na chumvi, basi zitie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

Mapishi matatu ya mwanzo yasizidi nyuzi 180. Baada ya lile la kwanza kaza nati tena, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini kidogo ikibanwa. Na jiko likiwa limepanda, kifuniko kiinue vidole viwili, hesabu mpaka kumi, ndipo ukifungue chote. Hewa ikiingia kwa ghafla moto unaruka mbele, na hapo mbele ndipo gasketi nyingi zinapoanza kuungua.