Kadi 1,000 za Kiingereza cha juu kwa wazungumzaji wa Kijerumani: uzoefu wangu wa miezi minane

Nianze na barua pepe, maana ndiyo iliyonitoa euro 29 za kununulia kadi hizi.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya usafirishaji mizigo hapa Hamburg. Mteja wetu mmoja wa Mombasa alikuwa anasubiri kontena la vipuri vya matrekta, na nafasi kwenye meli ilikuwa bado haijathibitishwa. Nikamwandikia kwa Kiingereza, kwa sababu barua za ofisi lazima wenzangu nao waweze kuzisoma: "The container will eventually leave on Friday." Kichwani mwangu nilikuwa nimesema kontena labda litaondoka Ijumaa. Kwa Kijerumani "eventuell" ni labda, huenda, tuone. Kwa Kiingereza "eventually" ni hatimaye. Yule mzee akaelewa kwamba baada ya danadana zote zile, Ijumaa mzigo unaondoka kweli, akawaahidi watu wake. Uliondoka siku kumi na moja baadaye. Aliponipigia hakufoka. Aliongea Kiswahili cha pole pole, ambacho kinauma kuliko kufokewa: "Kijana wangu, si wewe uliyeniandikia hatimaye?"

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nililetwa Hamburg nina miaka saba. Kiswahili ni cha nyumbani, naongea na mama. Shule nimesoma yote kwa Kijerumani, hesabu napiga kwa Kijerumani, hata nikijigonga kidole natukana kwa Kijerumani. Kiingereza changu si cha kuombea maji, mikutano naendesha, simu napokea, lakini makosa yangu ni ya Mjerumani mtupu. Ndiyo sababu nilipoona kadi zimeandikwa wazi kwamba ni za wazungumzaji wa Kijerumani, ngazi ya C1 (ya tano kati ya ngazi sita za lugha wanazotumia Ulaya), nikaona hizi ni zangu.

Unachopata ni kisanduku cha karatasi ngumu chenye vyumba vitano na kadi 1,000 zilizochapwa: Kiingereza mbele, Kijerumani nyuma. Kampuni siitaji, vifaa vya namna hii viko vingi na vinafanana. Kisanduku chenyewe sina ugomvi nacho. Ni ule utaratibu alioueneza Sebastian Leitner mwaka 1972, ambao watoto wengi wa shule Ujerumani wanaujua: kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, ukiijibu sawa inahamia cha pili, kisha cha tatu, na kila chumba kinafunguliwa kwa nafasi ndefu kuliko kilichotangulia. Ukiikosa, hata kama ilishafika chumba cha nne, inarudi mwanzo kama mtoto aliyerudishwa darasa. Inauma kidogo, na nadhani kuuma huko ndiko kunakosaidia. Nimejaribu pia Anki, programu inayofanya kazi hiyohiyo kwa kompyuta na simu, na kwenye Android ni bure. Ni nzuri sana. Tatizo ni mimi: nikiishika simu ndani ya treni, baada ya kadi sita niko kwenye matokeo ya mpira.

Kadi zenyewe sasa.

Zimepangwa kwa alfabeti. Wiki ya kwanza nilikuwa na "abandon", "abate", "abhor", "abide", "abolish", zote mkononi kwa pamoja, na hadi leo "abate" na "abide" zinanichanganya. Maneno yanayofanana sura ukiyajifunza siku moja yanavutana mashati. Ungezichanganya kama karata, utasema. Nilizichanganya, wiki ya pili, wakati uharibifu umeshafanyika.

La pili ni kubwa zaidi. Sehemu nzuri ya kadi hizi Mjerumani hazihitaji kabisa. "Hypothesis", "structure", "analysis", "concept", "function": haya ni maneno ya kitaaluma, ya aina unayoyakuta kwenye orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na ndugu zake. Kwa mtu aliyetoka Tanga moja kwa moja kwenda chuo, orodha hiyo ni dhahabu. Mjerumani anayo "Hypothese", "Struktur" na "Analyse" tangu shuleni, maana lugha zote mbili zimechota kisima kimoja cha Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Kiingereza kilichota kwa ndoo kubwa zaidi baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", akifika mezani ni "beef", neno la mabwana waliokuwa wakiongea Kifaransa. Kijerumani kinabaki na "Rind" na "Rindfleisch", ng'ombe na nyama ya ng'ombe, kama sisi tu. Ila nasi tuna tabaka mbili zetu: mwanzo na awali, mwisho na hatima. Ukilisikia neno la Kiarabu, sentensi inavaa kanzu.

Kwa hiyo Mjerumani anayetaka Kiingereza cha juu, maneno marefu yanamjia yenyewe. Asichokuwa nacho ni vile vifupi: "put up with", "put off", "fall through", "come across". Kati ya kadi 1,000 nilihesabu za namna hiyo 23. Na hana ndoa za maneno. Mvua kwa Kijerumani ina nguvu, "starker Regen". Kwa Kiingereza ni nzito, "heavy rain". Kwetu ni kubwa. Mvuta sigara naye vilevile: Mjerumani anamwita mwenye nguvu, Mwingereza mzito. Halafu ikija kahawa, wote wawili wanakubaliana kwamba ina nguvu, sisi tunasema kali. Hakuna kanuni hapo, unashika kimoja kimoja, na kadi yenye neno pweke haikusaidii. Kadi zangu hazikuwa na sentensi hata moja.

Tatu, maneno mapacha wa uongo. Wameyatengea kadi arobaini zenye vibonzo, na karibu zote ni za kitoto: "Gift" ambayo Kijerumani ni sumu, "bekommen" inayofanana na "become" kumbe ni kupata. Mtu wa C1 hakosei hapo. Anakosea kwenye yale yaliyovaa suti. "Please control the invoice", akimaanisha ikague tu. "Our actual prices", akitaka kusema bei za sasa, na mteja anajiuliza zile za kwanza zilikuwa za nini. "Provision", akifikiri kamisheni. Hayo nayasikia ofisini kila wiki, na hamna hata moja kwenye kisanduku. "Eventually" imo, ila nyuma wameandika "schließlich", yaani hatimaye, basi, bila kukuonya kwamba mkono wako utaandika kitu kingine. Nilijibu kadi hiyo sawasawa mara nne mfululizo. Ikafika chumba cha tano. Wiki ileile nikalikosea neno hilohilo kwenye barua.

Hapo nikataka kuzirudisha. Aliyeniokoa ni mama.

Ilikuwa Jumapili, anasukuma chapati. Nikamwomba anipime. Mama alisoma sekondari Tanga, Kiingereza cha enzi za fimbo, na Kijerumani chake ni cha sokoni na hospitali. Akavaa miwani, akaishika kadi kwa ncha za vidole isiingie unga.

"Reluctant."

"Widerwillig," nikasema.

"Mimi hicho sikijui. Maana yake?"

Nikaanza kuzunguka: ni mtu anafanya kitu, lakini hataki sana, ila anakifanya tu.

"Yaani shingo upande. Si useme?" Akachukua nyingine. "Oversee."

Nikacheka, kwa sababu Ijumaa yake nilikuwa nimemwambia mkuu wangu wa Rotterdam kwenye simu, "Sorry, I oversaw the mistake." Kijerumani "übersehen" ni kutokuona jambo lililo mbele yako. Nikamsimulia mama.

"Mwanangu, ulilisimamia kosa?"

"Hapana mama, sikuliona."

"Basi ulipitiwa. Hiyo ni 'overlook'." Akarudi kwenye chapati zake.

Tangu siku hiyo "reluctant" na "overlook" hazijanitoka, na sikuzirudia hata mara moja. Nikakaa nikafikiri. Kijerumani nyuma ya kadi ndicho kilichokuwa kinanitega, kwa sababu kinafanana mno na Kiingereza. Macho yanaona ndugu wawili, yanawachukulia ni mtu mmoja. "Eventuell" na "eventually" zinaingia kwa mlango mmoja. "Labda" na "hatimaye" hazijawahi kukutana maishani mwao.

Nikanunua kadi tupu 200, hazikufika euro nne, nikaanza upya kwenye kisanduku kilekile. Mbele naandika sentensi kutoka barua zangu mwenyewe, neno lile nimelitoa, pengo limebaki. Nyuma naandika neno na Kiswahili chake. "Reluctantly", shingo upande. "Put off", kupiga kalenda. "Put up with", kuvumilia. "Sensible", mwenye busara, maana "sensibel" ya Kijerumani ni mwepesi wa kuumia. Kiswahili changu kikikwama namuuliza mama, na hapo nimepata faida ambayo sikuitafuta: nimejifunza Kiswahili. Sikuwa najua "kusuasua" hadi nilipotafuta mahali pa kuiweka "falter".

Haifanyi kazi kila mahali, nisidanganye. Mambo ya mikataba nimeyaacha kwa Kijerumani. "Liability" ni "Haftung", inakaa kama kofia ya kupimiwa, na kila mtu ofisini anajua nani atalipa mzigo ukilowa. Nilipoijaribu kwa Kiswahili nilipata wajibu, halafu "responsibility" nayo wajibu, "duty" nayo wajibu, na bima haitalipa kwa wajibu. Na maneno ya hisia nyepesi nyepesi kama "subtle" nayaandikia sentensi mbili za Kiingereza tu, nayaacha yajitafsiri yenyewe.

Dakika kumi kila asubuhi kabla ya treni, kadi kumi na tano, si zaidi. Miezi minane imepita, nina kadi 340 za mkono wangu. Mwezi uliopita nimefanya mtihani wa C1 Advanced wa Cambridge, ambao kufaulu kunaanzia alama 180, nimepata 187. Sehemu ya maneno niliyoiogopa, ile wanayokupa pengo na neno moja tu ndilo linaloingia, ndiyo iliyonibeba, kwa sababu kadi zangu zote ni mapengo. Kuandika ndiko kuliniangusha kidogo. Naambiwa sentensi zangu ni ndefu. Hilo nalo ni Kijerumani, na kadi yake sijaigundua.

Je, ninunue? Ukiwa umekulia kwenye Kijerumani na una lugha nyingine ya nyumbani, Kiswahili, Kituruki, chochote, nunua kisanduku kitupu na kalamu. Kama Kijerumani ndiyo lugha yako pekee, kadi hizi zilizochapwa zitakusaidia kiasi, ila zichanganye siku ya kwanza na uandike sentensi pembeni, nafasi ipo ya kubanana. Kifuniko kilichanika mwezi wa tatu, nimekifunga kwa mpira.

Nyota tatu kati ya tano, mbili ni za kisanduku. Zile kadi zao ziko jikoni kwa mama, anaandikia orodha ya dukani. Jana nimetumwa Altona, mtaa wa hapa Hamburg, na kadi ya "abhor": hamira, tui la nazi makopo mawili, na betri za rimoti.