Thunderbird na NVDA kwa kupanga barua pepe: uzoefu wangu kutoka Tanga

Kama kazi yako inapita kwenye barua pepe na unatumia kisoma skrini, hama kutoka kwenye kivinjari. Weka Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye kompyuta ya Windows, iendeshe kwa NVDA, kisoma skrini cha Windows, kisha kazi ya kwanza iwe kupunguza maneno unayolazimika kuyasikia kabla ya kuamua barua ifunguliwe au ifutwe. Programu zote mbili ni za bure. Nazitumia hapa Tanga kwenye shughuli za mkonge, ambako inboksi moja hubeba maulizo ya bei, hati za mizigo inayopita bandarini, taarifa za benki na matangazo. Anayeona hupitisha macho mara moja akajua kipi ni kipi. Sisi tunapokea neno baada ya neno, kwa foleni, kwa hiyo kila neno la ziada linakula muda.

Wengi wetu tulizoea ule mwonekano mwepesi wa HTML wa Gmail, ambao Google iliuondoa mwaka 2024. Mwonekano uliobaki unatumika, ila herufi zinagongana: kwa Gmail, K inakupeleka kwenye barua mpya zaidi, kwa NVDA, K inakurusha kwenye kiungo kinachofuata. Inabidi ubadili hali ya NVDA, ya kusoma ukurasa au ya kupeleka vitufe kwenye programu, kwa NVDA+Space (NVDA hapa ni kitufe cha Insert) kila wakati, na ukisahau uko hali gani, hujui umebonyeza nini.

Ndani ya Thunderbird, anza na F8. Inafunga kidirisha cha kusomea chini ya orodha. Kikiwa wazi, kila barua unayopita kwa mshale hufunguka na kuhesabiwa imesomwa, hata kama ulikuwa unapita tu. Kikifungwa, unatembea juu na chini huku zisizosomwa zikibaki hivyo hadi ubonyeze Enter. Barua inafunguka kwenye kichupo chake, Ctrl+W inakurudisha.

Kisha orodha yenyewe. Ukikuta iko kwenye mpangilio wa kadi, ibadili iwe jedwali, kwa sababu NVDA inasoma safu kwa mfuatano na wewe ndiye unayechagua safu zipi zibaki. Rudi nyuma kwa Shift+Tab hadi usikie kitufe cha kuchagua safu, ondoa ukubwa, nyota, taka na vinginevyo. Mimi nimebakiza mtumaji, kichwa cha barua na tarehe. Zima pia mpangilio wa mazungumzo kwa kuchagua "Unthreaded" kwenye menyu ya View, Sort by. Mazungumzo yaliyokunjwa huficha jibu jipya chini ya barua ya zamani, na asiyekumbuka kubonyeza mshale wa kulia atalikosa.

Vichujio ndivyo vilivyonifanya nibaki na programu hii. Alt, nenda Tools, kisha "Message Filters". Tumia mtumaji au kichwa cha barua kama sharti, kisha hatua ya kuhamishia folda. Hapa watu huanguka sana: chaguo linalokuja lenyewe ni "Match all", yaani masharti yote yatimie. Ukiorodhesha anwani mbili za wateja chini yake, hakuna barua itakayohama, maana barua moja haiwezi kutoka kwa anwani zote mbili. Chagua "Match any", yaani lolote likitimia. Vichujio hufuatana kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo cha wateja kikae juu ya cha matangazo, na ukiongeze hatua ya "Stop Filter Execution", inayosimamisha vichujio vinavyofuata. Jambo jingine: vinafanya kazi Thunderbird ikiwa wazi tu. Kompyuta ikizimwa, kwenye simu utakuta kila kitu kimerundikana inboksi.

Ukiweka vichujio kwenye seva badala yake, fungua sifa za kila folda uweke alama kwenye kipengele cha kuikagua daima barua mpya zinapotafutwa. Bila hivyo, barua inaweza kukaa humo bila taarifa yoyote.

Folda zisizidi nne au tano. Folda ishirini ni mishale ishirini, na kutafuta kunazishinda: Ctrl+Shift+K inafungua chujio la haraka, andika jina, kisha Tab hadi kwenye orodha. Ukimaliza, bonyeza Esc hadi orodha irudi nzima. Chujio lililoachwa wazi linafanya folda isikike tupu, na nimesikia wenzangu wakidhani barua zao zimefutika.

Tahadhari kubwa: ukiwa kwenye orodha, herufi moja ni amri. A inapeleka barua kwenye kumbukumbu, J inaitia alama ya taka, na hakuna swali unaloulizwa. Hakikisha uko kwenye kisanduku cha kuandikia kabla ya kuanza kuandika. Ctrl+Z hurudisha barua iliyohamishwa.

Kwa Kiswahili, chagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG. Dirisha la sauti hufunguka kwa NVDA+Ctrl+V. Sauti hiyo ni kavu, lakini inatamka sawasawa, tofauti na ya Kiingereza inayovuruga kila kichwa cha barua. Kisha tumia kamusi za matamshi za NVDA. Daraja za singa (nyuzi za mkonge) kama UG na SSUG huweza kutamkwa kama silabi zisizoeleweka, kwa hiyo nimeandikia namna ya kuzisoma. Weka alama ya neno zima na ya kutofautisha herufi kubwa, la sivyo "ugali" na "ugonjwa" vitaharibika pia. "Fwd:" nimeipa nafasi tupu isisomwe kabisa.

Barua za matangazo zenye majedwali ndani ya majedwali hutulia ukichagua "Simple HTML" kwenye View, "Message Body As". Maandishi matupu yangefaa zaidi, isipokuwa viungo virefu husomwa vizima.

Kuhusu bando: kwenye mipangilio ya akaunti, upande wa ulandanishi, bakiza siku 30 tu na zuia barua kubwa zisishuke zenyewe. Picha za mbali zimezuiwa tayari, ziache hivyo.