Fundi wa redio za valvu hapa Mtwara: muungurumo umekwisha, ila jiandae kusubiri

Kwa wale wenye zile redio kubwa za mbao za wazee, zile ukiwasha unasubiri kwanza taa za ndani, ndo hizo valvu, zipate moto ndo isikike, Mtwara mjini fundi yupo na kazi anaijua. Yuko mitaa ya nyuma ya soko kuu, kibanda hakina bango, ulizia tu mzee wa redio za zamani utaoneshwa. Nampa nane kwa kumi, na hizo mbili nilizokata ntasema ni za nini.

Redio yenyewe ni Philips ya babu, aliinunua miaka ya mwanzo ya uhuru akiwa anafanya kazi bandarini, ina lile jicho la kijani na valvu yake ya sauti ni EL84. Ilikuwa inawaka vizuri tu ila inanguruma, mmmmmm mfululizo, na hata ukishusha sauti mpaka sifuri muungurumo upo palepale. Hiyo ya sifuri ndo dalili yenyewe, maana kama kelele ingekuwa inaingia na stesheni ingepungua ukizungusha kitufe cha sauti, ikibaki vilevile jua umeme wa ndani hausafishwi. Umeme wa ukutani unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kuna valvu inaitwa EZ80 inaulazimisha uende upande mmoja, lakini bado unatoka na mawimbi, mara 100 kwa sekunde, sasa kapasita za filta kazi yao ni kuyalaza hayo mawimbi. Zinakaa kwenye kopo la alumini lenye majimaji ndani, yakikauka kopo linabaki kopo. Redio ya miaka zaidi ya 60 na joto hili la Mtwara, we ulitegemea nini.

Kabla ya huyu mzee ilishapita kwa fundi mwingine, huyo simtaji. Alichofanya ni kubandika kapasita mpya kwenye waya zilezile za ile ya zamani, zote mbili zikawa zinafanya kazi pamoja, muungurumo ukapungua kweli tukafurahi, baada ya muda ukarudi na harufu ya kuungua juu yake. Mzee alivyofungua akatingisha kichwa tu, akaniita nije nione: chini ya kopo la zamani ile raba imevimba, pembeni kuna ungaunga mweupe umegandia, na ukiligusa redio ikitoka tu kuzimwa lina moto. Kapasita mbovu haikauki tu bana, inavujisha umeme pia, ukiiacha pale inaendelea kuvuta, na anayebeba huo mzigo ni EZ80 pamoja na transfoma. EZ80 utahangaika utaipata, lakini transfoma ya redio kama hii ikiungua utaitoa wapi, Masasi? Kwa hiyo ya zamani lazima ikatwe. Siyo lazima itupwe, ye kakata waya zake tu akaliacha kopo la alumini limesimama pale juu ya chasi, lile bamba la chuma linalobeba vitu vyote vya ndani, kama pambo, mpya kazifunga chini hazionekani, ukifungua nyuma unaiona redio ya babu vilevile. Hapo ndo alinipata.

Halafu vipimo. Kopo la zamani lilikuwa mbili ndani ya moja, mikrofaradi 50 na 50, hicho ndo kipimo cha ukubwa wa kapasita, za volti 350. Kaweka mbili za 47, volti 450. Mi nkamuuliza mzee, kwa nini tusiweke za 220 kabisa muungurumo ufe moja kwa moja, akaniangalia, "Mwanangu, EZ80 mwisho wake ni 50 kwenye kapasita ya kwanza, ukimpa kubwa kila ukiwasha unamkaba roho." Kumbe kubwa siyo nzuri. Kupungua kutoka 50 kwenda 47 si kitu, kapasita zenyewe hata zikiwa mpya haziko sawa na kilichoandikwa, volti ndo usishuke hata kidogo, kupanda panda tu. Na alikataa kata kata zile za kukwangua kwenye tivii za chogo na pawasaplai za kompyuta, ambazo ndo mafundi wengi wanakuwekea, anasema unatoa mzee unaweka mzee.

Nilikaa pale nikamwangalia akifanya. Anachomoa waya ukutani, halafu hagusi. Ana rezista ya kumaliza umeme uliobaki, kaifunga na vile vibanio vya meno, anabana kwenye kapasita, anasubiri, anapima na mita mpaka isome karibu na sifuri, ndo anaingiza mkono, tena mmoja, wa pili kauweka mgongoni. Ndani ya redio hizi kuna volti 250 mpaka 300 na kapasita inazishikilia hata ukishachomoa, kwa hiyo we mwenye bisibisi nyumbani uliyezoea kufungua redio za Kichina, acha. Kitu cha kwanza alichoniuliza hata kabla ya bei ni kama redio ina transfoma, maana zipo zenye valvu za UCH81, UL84, UY85 ambazo hazina transfoma na chasi nzima inaweza kuwa na umeme wa ukutani, hizo hata kuzichomekea simu ni kujitafutia msiba.

Kuiwasha pia haiwashi kavu. Anaipitishia kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani, ikimulika kidogo ikafifia redio iko salama, iking'aa moja kwa moja kuna shoti mahali. Hizo balbu kazihifadhi kwenye boksi kama mayai, madukani sikuhizi ni LED tupu na LED haifanyi hiyo kazi.

Alibadilisha na kapasita ndogo moja ambayo sikumwambia, ile inayopeleka sauti kwa EL84, ila alinipa bei kwanza nkakubali. Ikivuja valvu inaona umeme usiohitajika inachemka mpaka inakufa, na EL84 bei yake sio ya masihara. Nyuma kile cha kuchagua volti kilikuwa 220 akakipeleka 245, umeme wetu wenyewe unaujua, saa ingine unakuja na hasira.

Sasa lawama. Kasi yake ni sifuri. Spea anaagiza Dar, zinakuja na basi, simu hapokei, ukimfuata anakwambia "kesho inshallah" na anakupa hadithi za Nachingwea na mradi wa karanga wa Waingereza mpaka unasahau ulichofuata. Redio ilienda kabla ya korosho, nimeichukua watu washaanza kuuza. Na uzi wa mshale wa stesheni umelegea, mshale unasoma sehemu siyo, nilimwambia, redio imerudi hivohivo, anasema uzi ni kazi nyingine na bei nyingine. Hiyo mbili kwa kumi ni hapo.

Bei: kapasita zote hazikufika elfu 15, ufundi elfu 40. Kuna watakaosema ghali kwa redio isiyo na FM. Sawa, kanunue ya elfu 20 pale stendi. Mi usiku nasikiliza masafa mafupi, Waarabu na Wachina wanaingia safi, mchana nachomeka simu kwenye matundu ya gramafoni huko nyuma napiga taarabu, na besi ya lile boksi la mbao spika ya bluetooth haigusi. Mkwaruzo upo bado ukichomeka chaja ya simu karibu, huo ni wa chaja, msimsumbue mzee.

Ukienda nenda asubuhi, Ijumaa mchana hayupo. Malipo ni keshi, nusu kwanza, risiti hatoi. Nenda na kifuniko cha nyuma pia, mara nyingi ndo kina karatasi inayoonesha kila valvu inakaa wapi, na valvu usizichomoe mwenyewe ukaziweka kwenye rambo ukapanda nazo bodaboda.